Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale Lamu ni vyembamba hivyo?

Ukifika Lamu mji wa kale ukapata bahati ya kuingia nyumba ya mawe ya zamani, utashangaa, chumba kirefuu halafu chembamba, unahisi ukinyoosha mikono utagusa kuta zote mbili. Wengi husema ni kiwanja kidogo, si unaona vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze? Lakini hizo zilikuwa nyumba za matajiri bwana, wenye majahazi na mashamba, pesa haikuwa shida.

Hebu inua kichwa utazame dari. Zile nguzo zilizolazwa zimepangana ni boriti, yaani miti ya mikoko ya hapohapo visiwani. Boriti ikitakiwa ibebe dari bila kupinda inaenda kama mita 2.5 mpaka 3 hivi, basi, na dari ya Lamu si mchezo, juu ya boriti wanapanga mawe ya matumbawe wanamwaga chokaa wanashindilia, uzito wake we acha tu. Kwa hiyo uwe na hela vipi, upana ni ule wa boriti, ukitaka chumba kikubwa ongeza urefu.

Tena boriti hizo zilikuwa zinapakiwa majahazini mpaka Ghuba huko ambako miti ya kujengea ni shida, ndo maana nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba vilevile.

Sasa vyumba vyembamba unavipangaje? Lamu wamevilaza sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Unaanza na kiwanda (kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni ua wa katikati ya nyumba, usitafute mashine), halafu msana wa tini (yaani wa chini, msana ni ukumbi mrefu mwembamba), msana wa yuu (wa juu), mwisho kabisa chumba kinachoitwa ndani. Kila ukiingia hatua moja mwanga unapungua na siri ya nyumba inaongezeka, mgeni wa kawaida hafiki huko. Ukuta wa hicho chumba cha ndani ndo una zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa vya kuwekea sahani za Kichina, mimi kwangu hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote Lamu, kushinda hata ngome iliyomalizwa 1821 ambayo kila mtu anapigia picha.

Ya kuona kwa macho ipo, ile nyumba ya Waswahili iliyogeuzwa makumbusho, imejificha mitaani nyuma ya barabara ya pwani, uliza mtoto yeyote atakupeleka. Njiani angalia juu utaona wikio, chumba kimevuka kichochoro kikaunganisha nyumba mbili, wanawake walikuwa wanapita humo kwenda kwa jirani bila kushuka mtaani. Nalo limejengwa kwa boriti zilezile, kwa hiyo ukiona wikio ujue kichochoro chini yake nacho hakiwezi kuwa kipana. Tochi ya simu iwe na chaji, kule ndani kuna giza.