Kushusha Prado, Hilux au Land Cruiser iliyonyanyuliwa: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Magari mengi ya porini yanayoishia kwenye foleni za Dar es Salaam na Nairobi yalinyanyuliwa na mwenye gari wa kwanza: springi za inchi mbili juu ya kawaida, matairi makubwa, bampa la chuma mbele. Mwenye gari wa sasa anapeleka watoto shule. Anataka mama mkwe apande bila kusukumwa, gari lipite chini ya paa la maegesho, na lisilale kila likikata kona. Akiuliza, kila fundi ana dawa yake. Mara nyingi kinachosahaulika ni hiki: gari lilipopandishwa halikubadilishwa springi peke yake. Kila kilichoongezwa siku ile lazima kirudishwe, la sivyo unashusha nusu gari.

"Kata koili moja tu, litakaa."

Kushuka litashuka. Ila springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi. Yenye koili 8 zinazofanya kazi ikibaki na 7, ugumu unapanda kwa asilimia 14 hivi, na gari ambalo tayari lilikuwa linarusha abiria sasa linawarusha vizuri zaidi. Tena mwisho wa springi umeundwa ulale sawasawa kwenye kikombe chake. Ncha iliyokatwa kwa grainda inakalia sehemu ndogo tu, inakula kikombe na kulia kwenye kona. Gurudumu likining'inia shimoni, springi iliyofupishwa inabaki bila kubanwa na inaweza kuchomoka.

Kuichoma kwa gesi "ili ijikalie" ni kubaya kuliko kukata. Uimara wa chuma cha springi umetokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gesi unaufuta pale unapogusa. Wiki chache baadaye gari linaendelea kushuka lenyewe, upande mmoja kuliko mwingine.

Dawa ni springi za urefu wa kiwandani zinazolingana na uzito halisi wa gari. Na hapo kuna mtego: springi nyingi za kunyanyua zilichaguliwa kubeba bampa la chuma na winchi, vitu ambavyo pamoja vinaweza kufika kilo 100. Ukivitoa na kuacha springi zilezile, pua ya gari inapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo amua kwanza kipi kinabaki kwenye gari, kisha pima. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne, sakafu ikiwa sawa. Kipimo cha kutoka ardhini kinadanganywa na upepo wa tairi.

"Ukishusha, difu itakuwa inagota kila tuta."

Difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) ya nyuma ya Prado au Hilux imo ndani ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Umbali wake na ardhi unaamuliwa na tairi, hata ubadilishe springi mara ngapi. Kinachokaribia ardhi ni ngazi za pembeni, bomba la moshi na ndoano ya kuvutia. Mbele ni tofauti: kwenye Prado na Hilux za sasa kila gurudumu linajitegemea na difu imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo inashuka pamoja na gari.

Tairi lenyewe linashusha zaidi ya watu wanavyofikiri. 285/75R16 ina kipenyo cha milimita 834. 265/70R16 ina 777. Ukirudi kwenye hiyo ndogo, gari zima, difu ikiwemo, linashuka milimita 28 bila kugusa nati moja ya springi. Na spidi inarudi kusema kweli: kwa tairi kubwa, dashibodi ikionyesha 80 gari linakwenda karibu 86.

"Shokapu bado mpya, ziache."

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Shokapu ya gari lililopandishwa ni ndefu hata ikiwa imefungwa kabisa. Gari likishuka, inafika mwisho wake kabla ya ekseli kugusa stopa, zile raba fupi za chini ya chasisi. Kishindo chote cha tuta kinapokewa na pistoni ndani ya shokapu. Sili inavuja mapema, na wakati mwingine mshikio unapasuka.

Kuhakikisha ni kazi ya saa moja kwa nyuma ya Prado. Weka chasisi juu ya stendi, toa springi, pandisha ekseli kwa jeki hadi stopa ziguse. Pima kutoka mshikio wa juu wa shokapu hadi wa chini. Shokapu ikifungwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo hicho kwa milimita 15 au zaidi. Ukiwa hapo chini angalia kama stopa ziliongezewa vipande; vitoe, vinginevyo ekseli haina pa kwenda.

Mbele springi na shokapu zimeungana, na kuzitenganisha kunahitaji kibano cha springi kilicho kizima. Waya na minyororo viachwe kabisa, maana springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Kama lilinyanyuliwa kwa spesa tu (kipande cha kuinulia) juu ya shokapu, toa spesa. Ya milimita 25 ilikuwa inapandisha gurudumu karibu maradufu ya hapo, kwa sababu shokapu inashika amu ya chini (mkono unaobeba gurudumu) katikati na si mwishoni. Difu ya mbele nayo ikiwa iliteremshwa kwa spesa, irudishwe.

Kosa dogo linaloua bushi mpya (raba za kwenye viungo vya amu): kukaza boliti za amu magurudumu yakiwa hewani. Raba ya bushi imeshikana na chuma pande zote mbili. Gari likitua, inabaki imejisokota muda wote na kupasuka ndani ya miezi. Acha boliti zikiwa zimeshikizwa tu, teremsha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze.

"Land Cruiser ya ekseli nzima haina mambo mengi."

Zenye ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, kama Land Cruiser ya 79, ya 80 na hata Suzuki Jimny, zina yake. Fimbo ya panhadi (inayozuia ekseli isiende pembeni) ikiwa ilirefushwa wakati wa kupandisha, sasa itasukuma ekseli upande mmoja. Pima kutoka tairi hadi chasisi kushoto na kulia. Bushi za kurekebisha kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) zikibaki, usukani unakuwa mzito na propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inaweza kutetema.

"Weka bloku chini ya springi za nyuma."

Kwenye Hilux ya 4x4 springi za bapa ziko juu ya ekseli. Bloku kati yao inapandisha gari. Kama ndizo zilizotumika kulinyanyua, zitoe na ununue yuboliti fupi (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Halafu tazama valvu ya breki ya nyuma kwenye zile zilizo nayo: ina fimbo inayosoma gari limeshuka kiasi gani. Ikiachwa kwenye marekebisho ya zamani inadhani umebeba mzigo, inaongeza breki nyuma, na siku ya mvua magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza.

"Utaokoa mafuta."

Kwenye foleni, hapana. Kutoa keria ya juu na matairi ya tope kunasaidia zaidi.

"Halivuti upande, alaimenti ya nini?"

Mbele ikishuka, vichwa vya magurudumu vinainama ndani na tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) zinabadilisha mwelekeo wa matairi. Gari linaweza kwenda moja kwa moja huku likila ukingo wa ndani wa tairi zote mbili kwa usawa. Fanya alaimenti siku hiyohiyo, elekeza upya taa za mbele, kisha rudia vipimo vya habu baada ya kilomita 500 springi zikishakaa, na yuboliti zikazwe tena.