Mzee akisahau sahau: tunachoambiana na kile damu inaonyesha

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii ya "ni uzee tu, mwacheni". Senga wetu wa Jinja, yaani shangazi, aliambiwa hivyo hivyo kwenye kliniki moja. Anatuma pesa kwa simu, nusu saa haijaisha anamtumia tena mtu yuleyule, maharage anayasahau kwenye sigiri mpaka yanakuwa makaa, lakini bado anajipikia, anaoga, anaenda kanisani mwenyewe, na hapo ndipo madaktari wanasema ni upungufu mdogo wa utambuzi, yaani kumbukumbu imeshuka kuliko ya wenzake wa umri ule ila mtu bado anajitegemea.

Daktari mwingine akauliza dawa anazomeza. Metformini ya sukari, miaka mingi. Kumbe dawa hiyo ikikaa sana inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikiisha ubongo unachoka. Kupima damu, iko chini kabisa! Akaanza sindano, miezi ikapita, sasa chenji ya sokoni anaihesabu mwenyewe. Si kila mtu anarudi hivyo, lakini bila kupima mngejuaje? Ombeni B12, tairoidi (tezi ya shingoni), sukari, wingi wa damu, figo, kaswende, na HIV pia, maana virusi vinaweza kugusa ubongo, na kuna kipimo kifupi cha kumbukumbu na kasi ya kugonga vidole, kilitoka 2005 kwa wenye HIV na kilijaribiwa hapa hapa Kampala.

Nyingine, eti siku hizi damu inakwambia una Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, ndiyo au hapana. Hapana jamani. Kuna protini inaitwa p-tau217, inapanda damuni wakati uchafu wa protini nyingine, amiloidi, unajikusanya kwenye ubongo, na Mei 2025 Marekani waliruhusu kipimo chake cha kwanza, ila ni kwa watu wa miaka 55 kwenda juu wenye dalili tayari, na daktari anakisoma pamoja na mambo mengine. Figo zikiwa mbovu inaweza kupanda pia. Kwa hiyo mtu mzima asiye na shida yoyote asikikimbilie, atajitisha bure.

Na ukiambiwa una upungufu mdogo wa utambuzi kama Senga, si kwamba akili inaenda yote, wengine wanakaa palepale miaka, wengine wanarudi sawa.

Ukimpeleka mzee, tia dawa zake zote kwenye kavera, mfuko wa plastiki, hata za miti shamba, umwagie daktari mezani azione moja moja.