Dubu Aliyeitwa Dubu: Dhana Potofu Kuhusu Majina ya Kiyahudi

"Kiyidishi ni Kiebrania cha mitaani."

Sivyo. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu. Kiyidishi kilikulia Ulaya, kwa Wayahudi wanaoitwa Waashkenazi. Msingi wake ni Kijerumani cha zamani, kikachota maneno ya Kiebrania na ya Kislavoni. Kinachowapoteza watu ni herufi, maana lugha zote mbili zinaandikwa kwa herufi zilezile. Mswahili hana haja ya kamusi kuzitenganisha: Malka ni malkia, Baruch ni mwenye baraka, Chaim ni uhai, kwa sababu maneno hayo yetu tumeyapata kwa Waarabu. Akifika kwa Gittel (mwema), Freyde (furaha) au Feigel (ndege), anakwama. Hapo ameingia Kiyidishi.

"Dov Ber ni majina mawili tofauti."

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Dov ni dubu kwa Kiebrania, na Ber ni dubu kwa Kiyidishi. Mtoto kaitwa Dubu Dubu! Aryeh Leib ni simba mara mbili, Zeev Wolf mbwa mwitu mara mbili. Jina la Kiebrania lilikuwa la sinagogi, mwanamume aliloitiwa kwenda kusoma Torati. La Kiyidishi lilikuwa la nyumbani na sokoni. Mwishowe yote mawili yakaandamana. Wakati mwingine uhusiano umejificha zaidi. Yehuda si simba, mbona basi kuna Yehuda Leib? Fungua Mwanzo 49, Yakobo anapowabariki wanawe: Yuda anafananishwa na mwanasimba, Benyamini na mbwa mwitu, Naftali na ayala. Ndiko walikotoka Yehuda Leib, Binyamin Wolf na Naftali Hirsch.

"Wayahudi hawampi mtoto jina la mtu aliye hai."

Waashkenazi, kweli, hukwepa. Lakini Wasefardi, wenye asili ya Hispania na Ureno, humpa mjukuu jina la babu angali hai, na babu huona fahari kumpakata somo wake. Mkikuyu hahitaji kuelezwa zaidi.

"Alter ni jina la mtu mzima."

Maana yake ni mzee, na kwa msichana ni Alte, lakini walioitwa hivyo walikuwa watoto wachanga. Jina hili alipewa mtoto dhaifu, au aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, ili malaika wa mauti akija kuchukua kitoto aambiwe hapa yupo mzee tu. Kwa hofu hiyohiyo, mgonjwa mahututi aliweza kuongezewa jina Chaim.

"Yente maana yake mbea."

Masikini Yente. Wanaisimu hulihusisha jina hili na neno la Kiitaliano *gentile*, lenye maana ya uungwana. Lilikuwa jina la heshima hadi vichekesho vya magazeti na majukwaa ya Kiyidishi vilipoliharibu katika karne ya 20. Wengine hudhani ni neno la mshenga; mshenga huitwa shadkhn.

"Yote yametoka kwenye Biblia."

Kalman limetokana na Kalonymos, Kigiriki cha "jina zuri". Sender ni Alexander aliyekatwa kichwa. Hata Mordekai, aliyemo ndani ya Biblia yenyewe, jina lake huhusishwa na Marduk, mungu wa Babeli.

"Waisraeli waliyatupa majina ya Kiyidishi."

Wengi walibadili, hasa majina ya ukoo. David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, alizaliwa akiitwa Grün, na aliwahimiza viongozi wenzake nao wachukue ya Kiebrania. Golda Meyerson, mzaliwa wa Kyiv mwaka 1898, alikubali mwaka 1956 akawa Meir, yaani atoaye nuru. Golda, dhahabu ya Kiyidishi, hakuigusa, na ndilo jina ambalo dunia ilimjua nalo alipokuwa waziri mkuu.