Kwa nini mgonjwa wa lupasi asikimbilie "vya kupandisha kinga"?

Ukienda kumjulia hali mgonjwa, iwe Dar es Salaam au Mombasa, hukosi kukuta chupa pembeni ya kitanda: tangawizi, kitunguu saumu, limau, asali, na unga wa mlonge uliotuama chini kama tope la kijani. Shangazi kaileta. "Kunywa, mwanangu. Hii inapandisha kinga." Kwa mwenye mafua, sawa. Lakini huyu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Kinga yake haijashuka. Imemgeukia.

Nadhani lugha yetu ina mkono katika hili. Wengi wetu neno kinga tulilijua kupitia UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Tukazoea habari za CD4 kushuka na kupanda, na tangu hapo kinga tunaiwaza kama maji kwenye simtanki: yakipungua, jaza. Korona ilipoingia mwaka 2020 tukapiga nyungu na kuchemsha tangawizi kwa hesabu hiyohiyo.

Ila kinga haina geji moja. Ni seli za kila aina: zipo zinazotambua adui, zinazomshambulia, na nyingine ambazo kazi yake ni kusema basi, imetosha. Kwenye lupasi na magonjwa mengine ya kinga kumgeukia mwenyewe, utambuzi ndio ulioharibika. Mwenye lupasi hutengeneza kingamwili, yaani protini za kumnasa adui, dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya seli zake mwenyewe, hata DNA. Mwenye baridi yabisi hushambuliwa viungo. Mwenye kisukari aina ya kwanza hushambuliwa seli za kongosho zinazotoa insulini. Ndiyo maana wengi wa wenye lupasi na baridi yabisi hupewa prednisoloni, methotreksati au azathioprini: dawa za kuituliza kinga. Asubuhi unameza kidonge cha kuishusha, jioni unaletewa kikombe cha kuipandisha!

Kusema kweli, tangawizi ya kwenye chai na kitunguu saumu cha kwenye mchuzi ni chakula tu. Mboga ya mlonge pia. Hofu inaanzia pale kitu kinapokaushwa, kikakamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge, ukala kwa siku kiasi ambacho sahani isingekupa kwa wiki.

Kisa cha alfalfa kinaeleza vizuri zaidi. Ni jani la malisho linalopendwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na vidonge vyake huuzwa kama kirutubisho. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Science kwamba tumbili waliolishwa machipukizi ya alfalfa walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Mshukiwa akawa kanavanini, kemikali iliyomo kwenye mbegu na machipukizi. Umbo lake linakaribiana mno na arginini, mojawapo ya matofali ambayo mwili hujengea protini, hivyo fundi anaweza kuliokota tofali hilo na kulipachika ukutani bila kujua. Tumbili waliokwisha kuugua walipopewa kanavanini yenyewe, ugonjwa uliamka tena. Mwaka uliofuata, 1983, madaktari wakaripoti wagonjwa wawili ambao lupasi yao ilikuwa imetulia, ikaibuka baada ya kutumia vidonge vya alfalfa. Wawili ni wachache, lakini ukiviweka pamoja na wale tumbili, mimi nisingekigusa kidonge hicho.

Mwani nao una neno lake. Unalimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, na siku hizi unasagwa unga au kuuzwa kama uji mzito wa kuongeza afya. Mwani una madini ya joto (iodini), na kiasi chake hubadilika kati ya aina na aina. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi kwa siku, na chumvi yetu ya dukani tayari huongezwa madini hayo. Kwa ambaye kinga inashambulia tezi ya shingo, ziada inaweza kuzidisha tatizo.

Si kila kirutubisho ni cha kutupwa. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu 25,871, yuniti 2,000 kwa siku kwa takribani miaka 5. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa walioimeza walipata magonjwa ya namna hii pungufu kwa asilimia 22. Huko ni kuzuia, si kutibu. Lakini mwenye lupasi hukwepa jua kwa sababu mionzi huamsha ugonjwa, kwa hiyo vitamini hiyo inaweza kumpungukia hata akiishi Tanga. Hapo kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Na kama wasiwasi wa shangazi ni vijidudu, hajakosea, maana dawa za kutuliza kinga humwachia mgonjwa mlango wazi. Basi amchemshie maziwa, nyama iive hadi ndani, mayai yasiwe mabichi. Chanjo nazo zinafaa, isipokuwa zile zenye kijidudu hai, ambazo lazima daktari aulizwe kwanza.

Kuna unga mmoja unaonitisha kuliko yote: ule usio na orodha ya viambato, unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku 3. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa "dawa za asili" zilizochanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za jamii ya prednisoloni, kama deksamethasoni. Mgonjwa anaona nafuu kweli, anaacha dawa za kliniki, uso unaanza kuvimba, sukari inapanda. Tezi zake zinazotengeneza steroidi ya asili zinalala. Siku kopo likiisha ghafla, presha inaweza kuporomoka akaishia kukimbizwa hospitali, na daktari hajui alikuwa anameza nini. Kwa hiyo siku ya kliniki beba kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu.