Mafuta hayakai kwenye ziwa chini ya ardhi

Hapa Lamu, tangu bomba la mafuta ya Turkana lianze kutajwa, wengi barazani husema chini kuna ziwa la mafuta, ni kuchimba na kunyonya yote. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji kwenye jiwe la matumbawe. Hata maji yakisukumwa kisimani ili kuyatoa, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki yamenasa. Ndipo huongezwa polima, kemikali ya kufanya maji yawe mazito, na kemikali za jamii ya sabuni zinazoyabandua mafuta. Kwenye visima vya mafuta vya Daqing, China, wanatumia polima kwa wingi tangu miaka ya 1990.

Kemikali ni ghali, na mwamba nao huzinasa. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta: mwamba hugawanywa vyumba maelfu, programu ikikokotoa kinachoingia na kutoka kila kimoja. Haioni mafuta, inakadiria. Ndiyo maana hulinganishwa na visima halisi na kurekebishwa.