Je, wajua kwa nini wenye ulemavu hupunguziwa posho wakioana Marekani?

Tangu Januari 1974, serikali ya Marekani imekuwa ikiwalipa posho ya kila mwezi wazee, vipofu na watu wenye ulemavu ambao kipato na akiba yao ni ndogo mno. Mpango huo hujulikana kwa herufi SSI. Mwaka 2025 mtu mmoja asiye na kipato kingine alistahili dola 967 kwa mwezi, kwa hiyo wachumba wawili wenye ulemavu, kila mmoja akihesabiwa peke yake, walipata jumla ya dola 1,934. Wakishaoana, walilipwa dola 1,450 kwa pamoja. Dola 484 ziliondoka kila mwezi, yaani robo nzima ya fungu lao, ilhali hakuna aliyepona wala aliyepata kazi.

Sheria huwapa mume na mke kiwango cha mtu mmoja na nusu, kwa hoja kwamba wanaoishi pamoja hulipa kodi ya nyumba moja, hupikia jiko moja na huwasha taa moja. Hoja hiyo ina ukweli wake. Hata kwetu kaya huhesabiwa kwa wanaokula chungu kimoja. Hata hivyo, ndugu wawili wakipanga nyumba moja na kila mmoja akatoa sehemu yake ya kodi na chakula, kila mmoja hubaki na kiwango chake kizima, ingawa nao jiko lao ni moja. Ndoa ndiyo inayokata posho, na hapo ndipo ninapoona watu hawa wanaonewa.

Akiba nayo imewekewa mpaka: dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa wanandoa, viwango ambavyo havijapanda tangu 1989. Kama mmoja wao hana ulemavu na anafanya kazi, sehemu ya mshahara wake huhesabiwa kuwa kipato cha mwenzake, na posho huweza kushuka au kukoma kabisa.

Wapo wanaodhani kwamba kuishi bila cheti cha ndoa kunatosha kuwaepusha na makato hayo. Sheria huwahesabu kuwa wanandoa hata wasio na cheti, maadamu wanaishi nyumba moja na hujitambulisha mbele za watu kuwa mume na mke. Ili kulibaini hilo, ofisa huwauliza wanajulikana kwa majina gani, humtambulisha vipi mwenzao kwa wageni, barua zao huandikwa jina la nani na mkataba wa nyumba una saini ya nani. Ikionekana kwamba walistahili kuhesabiwa wanandoa tangu zamani, fedha zilizozidi hugeuka deni, ambalo huweza kulipwa kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye posho ile ile iliyokwisha kupunguzwa.