Eti Dar hakuna waendesha baiskeli

Njia za baiskeli zikitajwa tu, mtu hudakia: "Nani aendeshe baiskeli Dar na joto hili?" Basi simama Manzese saa kumi na mbili asubuhi. Muuza madafu huyo anapita, mzigo umefungwa kwa mpira nyuma, na wa mikate anamfuata. Wapo siku zote. Hatuwahesabu tu, labda kwa sababu hawapigi honi.

Mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kubeba abiria 2016, uliipa Barabara ya Morogoro njia za baiskeli. Lakini ifuate: bodaboda zimeegeshwa, meza ya machungwa, kisha ukingo mrefu unaomlazimu mtu ashuke aibebe baiskeli. Anaingia barabarani, nasi tunasema njia haina watu.

Waenda kwa miguu ndio usiseme: kila abiria wa daladala huanza na kumaliza safari kwa miguu. Kwao hatari ni kasi. Gari la kilomita 60 kwa saa lina nishati mara nne ya lile lile likienda 30, si mara mbili. Mimi ningeanza na vivuko na makutano. Rangi ya njia baadaye.